Saa za Kuwasilisha

Nafundisha uhasibu kutoka Cochabamba,
chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani.
Wanafunzi arobaini na mmoja:
visanduku vyeusi vyenye majina.
Sura zao sizijui. Nazijua saa zao.

Saturnina Colque huwasilisha saa nane
na dakika arobaini na saba, usiku.
Mara saa tisa kasoro. Mara alfajiri kabisa.
Nikamwandikia, kwa wino mwekundu wa kompyuta:
*Jifunze kupanga muda wako.*
Nikajiona nimefundisha.

Kazi iliyofuata aliituma kwa sauti,
maana mkono mmoja ulikuwa na mtoto
na simu ni ya nyumba nzima.
Mada: uchakavu wa mali.
Alichukua cherehani ya marehemu mama yake,
akaipunguzia thamani mwaka baada ya mwaka,
taratibu, kama mtu anayemenya kiazi,
hadi ikabaki sufuri.
"Daftari linasema haina kitu," alisema.
"Lakini bado inashona, mwalimu. Hilo naliandika wapi?"
Nyuma yake sufuria ya presha ilipiga mluzi,
mvulana akauliza soksi,
sauti nzito ikauliza: Bado tu na hiyo simu?
Akanyamaza sekunde kumi na moja.
Nilizihesabu.
Kisha akaendelea palepale alipoachia,
bila kupoteza hata senti.

Edmundo Yucra ni mtu wa saa sita na nusu mchana,
mlangoni mwa mgodi wa bati, Huanuni,
ambako mtandao unafika na upepo pia.
Yeye pekee huwasha kamera:
kofia, taa, shavu limejaa majani ya koka.
Hakuna mtoto anayempanda mgongoni,
hakuna anayemuuliza chumvi iko wapi.
Nikisema, Kuna swali? anatikisa kichwa.
Wiki kumi, hana swali.
Kazi ya sita ilikuja na jina lake tu.
Ya saba, jina tu.
Ya nane haikuja.

Nilimwandikia mara tatu. Ya nne akajibu:
*Uchakavu sikuuelewa tangu siku ya kwanza.
Mwanamume mzima, nina watu ishirini chini yangu huko shimoni,
niinue mkono kama mtoto?*

Nilijua nani angemweleza.
Wanawake wa darasa wana kundi lao, usiku wa manane,
wanafundishana huku wakinyonyesha,
wala hawaoni haya kusema sijui.
Lakini Saturnina na mwanamume asiyemjua, kwenye simu ya mumewe?
Sikuthubutu hata kulitaja.
Nikamwomba ile sauti tu.
Nikamwahidi nitaisafisha, nitakata yale ya nyumbani.

*Itume,* akajibu, saa nane na ushee.
*Lakini usikate kitu. Ajue nilisoma wapi.*

Siku mbili kimya.
Siku ya tatu, saa sita na nusu,
ikaja kazi ya sita, ya saba na ya nane,
mahesabu ya mashine ya kuchoronga miamba,
kosa moja dogo, la kuzidisha.
Chini kabisa, mstari mmoja:
*Yule mtoto alizipata soksi?*

Nilicheka peke yangu.
Nikatoka nimwambie mtu.

Jikoni Lidia alikuwa na mikono ndani ya povu,
simu ameiegemeza kwenye birika.
Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa akichora moyo,
vyumba vinne, mishale ya damu.
Somo la uuguzi. La tisa, iliandikwa pembeni.
Sauti ameizima,
anafuata maandishi ya chini,
miezi mingapi sijui,
asije akanisumbua nikifundisha.

Alinyoosha kidole chenye povu
akasimamisha moyo katikati.
"Unataka kahawa?" akaniuliza.